Kuota Moto Jioni za Kipupwe Hapa Ufipa

Mwezi huu twataka kunena habari za jambo moja ambalo kila nyumba hulitenda jioni bila kulitafakari, nalo ni kuota moto nje. Labda mtu atasema, "Je, na hili lataka mwalimu? Hata mtoto ajua kuota moto." Ni kweli, ajua. Lakini kujua kuota ni jambo moja, na kujua kuchagua ni jambo jingine. Kwa kuchagua vibaya tumeona kuni za miezi mitatu zikiisha kwa mwezi mmoja. Tumeona watoto wakiungua. Na mara moja tumeona jina la mtu asiye na hatia likitiwa matope kijijini kwa sababu ya jiko moja la mkaa. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Kwanza tuulize, baridi yetu yatoka wapi? Mji wa Sumbawanga uko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na Ziwa Rukwa kwenye mita 800 hivi. Nao wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba mtu akipanda juu mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Basi ndugu zetu wa Kirando na Kipili, na wale wa Muze kule bondeni, wakija kwetu hutetemeka wakati ambapo sisi bado twasema hali ni njema. Hata hivyo, ufikapo mwezi wa Juni na wa Julai, sisi wenyewe hatuna ujasiri tena. Usiku wa kipupwe joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tena upepo wa kusi hutujia kutoka kusini-mashariki, nao hupita juu ya uwanda mkavu wenye miti michache, hauna kitu cha kuuzuia. Tena mbingu wakati huo hazina mawingu. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Yasipokuwapo, joto ambalo ardhi ililipokea mchana hupanda juu likapotea upesi.

Walakini wakati huo huo wa baridi ndio wakati ambapo kazi na maongezi ya nje ni mengi. Mavuno yamekwisha kuingia nyumbani. Watu huketi uani wakipukuchua mahindi na kuchambua maharage. Wanakwaya hukutana baada ya kazi kujifunza nyimbo zao. Walinzi hulinda maduka. Na msiba ukitokea, watu hukesha nje usiku kucha, maana nyumba haiwatoshi. Hatuwezi kuwaambia watu wote, "Ingieni ndani mkafunge milango." Basi swali si kama tutaketi nje au hatutaketi, swali ni kwamba tutajipatiaje joto tukiwa nje.

Mama mmoja wa mtaa wetu alituuliza hivi: "Mwalimu, kati ya kuni na mkaa, lipi ni bora kwa sisi tunaokaa nje jioni?" Tulimjibu, "Mama, kabla hatujafika kwenye kuni na mkaa, yako mambo matatu mbele yake." Akacheka, akasema, "Nyinyi walimu hamkosi matatu." Hata hivyo tulimweleza, na sasa twawaeleza ninyi.

La kwanza ni upepo. Mwili wa mtu hujitengenezea joto lake wenyewe, na hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto hilo. Upepo ukivuma huichukua hewa ile iliyopashwa joto, ukaleta nyingine ya baridi mahali pake. Ndipo mwili huanza kazi upya. Kwa hiyo mtu aketiye penye upepo ni kama mtu achotaye maji kwa kikapu. Chagueni mahali pa kuketi kabla ya kuwasha chochote. Ukuta wa nyumba ulio upande wa kaskazini-magharibi hukinga upepo wa kusi. Ua wa mabua ya mahindi, uliofungwa vema hata kufikia kifua cha mtu aliyeketi, ni kazi ya alasiri moja, nao hudumu kipupwe chote. Chini ya baraza au chini ya banda lenye paa la nyasi, hata lisilo na kuta, ni bora kuliko uwanja mtupu, maana paa hulizuia lile joto lipandalo kwenda mbinguni.

La pili ni ardhi. Watu wengi hufunika mabega yao vizuri, kisha huketi juu ya udongo mtupu au juu ya jiwe. Udongo na jiwe hunyonya joto la mwili kwa saa zote mtakazoketi. Tumieni kigoda, au benchi, au gunia lililojazwa majani makavu. Au tandikeni mkeka mara mbili juu ya nyasi. Wazee wetu walioketi juu ya ngozi ya ng'ombe hawakufanya hivyo kwa fahari tu.

La tatu ni nguo. Hapa watu wengi hudhani kwamba joto limo ndani ya nguo yenyewe. Sivyo. Nguo haina joto. Kazi yake ni kuishika hewa iliyotulia karibu na mwili. Kwa hiyo nguo mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, mara nyingi hupasha kuliko moja nzito, maana kati yao imo hewa. Sweta la sufu lililonunuliwa mtumbani, na juu yake koti jepesi lisilopitisha upepo, litamfaa mlinzi kuliko kabuti kubwa lililochakaa. Kichwa nacho kisisahauliwe, wala miguu. Tena nguo iliyoloa jasho au umande iondolewe kabla ya kuketi, maana maji huliondoa joto mwilini upesi kuliko hewa. Pamba iliyoloa haina msaada. Sufu iliyoloa ina msaada kidogo.

Na juu ya nguo zote twalisifu blanketi. Blanketi halili kuni, halitoi moshi, halichomi mtoto, na mwakani lingalipo. Nyumba nyingi zatumia fedha nyingi kwa mkaa wa kuota katika kipupwe kimoja, wala hazifanyi hesabu. Fanyeni hesabu: andikeni kila gunia la mkaa na kila mzigo wa kuni kwa miezi miwili, kisha mwulize bei ya mablanketi sokoni. Hatuwaambii jawabu, maana bei hubadilika. Lakini twajua nyumba ambazo zimeshangazwa na karatasi zao wenyewe. Sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, yasema kwamba mtu akichukua vazi la maskini kuwa rehani, lazima amrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa ni hilo tu la kujifunika usiku. Basi tangu zamani hizo ilijulikana kwamba mbele ya moto, nguo ya kujifunika ndiyo haki ya kwanza ya mtu katika baridi. Katika kila mtaa yumo kikongwe mmoja ambaye hana la kujifunika ila kitenge. Yeye huukaribia moto mno, si kwa kupenda, bali kwa kukosa.

Kabla ya kuja kwenye moto, tuseme neno moja juu ya vinywaji. Uji wa ulezi wa moto, au chai, humpa mtu joto la kweli, na chakula humpa mwili kitu cha kuunguza. Lakini pombe hudanganya. Mtu akinywa pombe husikia joto usoni na mikononi, akasema, "Nimepata dawa ya baridi." Ukweli ni kwamba pombe huipanua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu yenye joto hutoka ndani ya mwili ikaja nje, na hapo hupoa upesi. Mtu huhisi joto, na huku mwili wake wapungukiwa na joto. Tena mlevi hasikii baridi vizuri, wala hasikii moto vizuri. Akilala penye baridi haamki kutafuta blanketi, na akilala karibu na moto haamki kuuondoa mguu wake. Wasemao kwamba pombe ya ulezi ni blanketi la Mfipa, na wasikie neno hili.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Wafipa hawahitaji kufundishwa na wageni habari za moto na upepo. Babu zetu walifua chuma kwa tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, ziitwazo malungu, nao waliendelea hata miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mabaki ya baadhi yake yangali yakionekana katika nchi yetu. Tanuru lile kubwa halikupulizwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini pande zote, na hewa ilivutwa kuingia kwa nguvu ya joto lenyewe lililopanda juu. Wazee wale walijua kwamba moto hula kwa kadiri ya hewa upewayo. Walitaka moto ule sana, wakaupa hewa nyingi. Sisi tuotao jioni twataka moto ule kidogo ukakae muda mrefu. Basi na tuunyime upepo. Moto uliowashwa penye upepo, kati ya uwanja, hula kuni maradufu, na joto lake huchukuliwa kwenda kwa jirani wa mbali asiyelihitaji. Moto uliowashwa ndani ya shimo fupi, au kati ya mawe, nyuma ya ukingo, na ukuta nyuma ya waotaji, hutosha kwa kuni chache.

Je, kuni au mkaa? Kuni kavu hutoa mwanga na joto lionekanalo, nazo huwatosha watu wengi pamoja. Lakini zikiwa mbichi hutoa moshi uumizao macho na kifua. Mikaratusi na misindano tuliyoipanda hukauka vema ikipasuliwa na kuwekwa miezi kadhaa chini ya paa. Mpasue sasa zile za mwakani. Mkaa hautoi moshi mwingi, nao hufaa kwa watu wawili watatu walioketi karibu. Lakini mjue gharama yake iliyofichika. Katika tanuri la udongo la kawaida, ili kupata kilo 1 ya mkaa, kuni za kilo 5 hata 10 huteketea. Aotaye mkaa uwanjani achoma mti mkubwa kuliko adhaniavyo. Nasi tu watu wa uwanda wa majani; msitu wa Mbizi, ulio karibu na mji, ni msitu wa hifadhi na chanzo cha vijito vyetu, wala si ghala ya mkaa.

Kitu cha tatu ambacho watu huchoma ni takataka: plastiki, viatu vibovu, mipira ya magari. Hayo msichome kabisa, hata kwa kuwashia tu. Moshi wake una sumu, nao watoto ndio waketio karibu kuliko wote. Vibunzi vya mahindi vilivyokauka huwasha moto vizuri, na kila nyumba inavyo.

Lakini shauri letu kubwa juu ya moto ni hili: moto wa nje na uwe mmoja kwa nyumba nyingi. Nyumba tatu zikiwasha mioto mitatu, kila moja huota upande mmoja na kupoa mgongo. Nyumba tatu zikikutana penye moto mmoja, watu huketi duara, na miili yao wenyewe huwa ua wa kukinga upepo. Kila nyumba ilete kuni zake kwa zamu. Huko ndiko vijana husikia hadithi na vitendawili, na mzee aliye peke yake hupata watu wa kumwuliza hali. Twajua mitaa ambako ugomvi wa mipaka ya shamba ulimalizika penye moto wa namna hii, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu ambaye kila jioni amekupitishia kikombe cha uji.

Hata nchi tajiri zimelazimika kuufikiri moto wa nje. Huko Ulaya wenye mikahawa walizoea kuweka majiko marefu ya gesi na ya umeme barabarani ili wateja waote wakinywa kahawa. Ufaransa ilikataza jambo hilo mwaka 2022, kwa kuwa ni kupoteza nguvu nyingi kwa kuipasha joto hewa ya uwanja. Watu wa huko wakarudia koti na blanketi. Basi tusione haya kuanza na yale ambayo wao wameyarudia.

Tuseme na habari za hatari, maana hapo ndipo lilipo jambo zito. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu kama 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na walio wengi ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Penye moto wa jioni wekeni duara la mawe, na mtoto asivuke duara hilo. Sufuria ya uji isiwekwe mahali ambapo mtoto aweza kuivuta. Kanga, kitenge na hasa nguo za nailoni hushika moto upesi. Mwanamke na afunge nguo yake vizuri kabla ya kuinama kuchochea. Mwenye kifafa asiketi karibu kabisa na moto wala peke yake; aketi kati ya watu wawili wamjuao, wala asifichwe ndani kama mwenye aibu. Mafuta ya taa au petroli yasimwagwe juu ya makaa. Na mkibeba kuni kutoka lundo la zamani, zikung'uteni kwanza. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, twasoma kwamba Paulo alipofika Malta wenyeji waliwasha moto kwa ajili ya mvua na baridi, naye alipokusanya kuni, nyoka akatoka ndani yake akamzinga mkononi. Nyoka wa Ufipa nao hupenda malundo ya kuni wakati wa kipupwe.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie, maana kukimbia ni kuupa moto hewa. Alale chini aviringike, au afunikwe blanketi zito. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa ili mtoto asipatwe na baridi. Pete na bangili ziondolewe kabla ya uvimbe. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai, wala majivu. Funikeni kwa kitambaa safi, mkampeleke zahanati. Na kila moto uzimwe kwa maji au udongo kabla ya kulala. Sura ile ile ya 22 ya Kutoka humwamuru aliyewasha moto ukateketeza nafaka ya mwenzake kulipa hasara yote. Majani yetu makavu ya Julai hayangoji cheche mbili.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila nyumba. Jiko la mkaa lililotumika nje lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata kama makaa yake yamefunikwa na majivu.

Katika kijiji kimoja kisicho mbali nasi kulikuwa na msiba. Usiku wa manane upepo ukazidi, na vijana watatu waliokuwa wakikesha nje wakaingia katika chumba kidogo cha nyumba ya jirani, wakachukua na jiko. Wakaziba dirisha kwa gunia, wakafunga mlango, wakalala. Kabla ya alfajiri, kikongwe mwenye nyumba aliamka kwenda nje, akasikia mtu akikoroma vibaya. Akausukuma mlango, akawakuta hawajitambui, mmoja ametapika. Akapiga kelele, watu wakaja wakawatoa uani. Wawili walizinduka wakilia kwa maumivu ya kichwa. Wa tatu alipelekwa hospitali, akakaa siku kadhaa. Wote walipona.

Lakini hata hawajarudi, maneno yalikwisha kuanza. Vijana watatu wenye nguvu, jioni walikuwa wazima, usiku wameanguka pamoja. Ni nani aliyekuwa karibu nao? Ni nani aliyeamka usiku? Hivyo mwanamke yule aliyewaokoa ndiye aliyeanza kutajwa. Sisi tulipofika kwa ajili ya maziko tulikuta watu wamekwisha kugawanyika, na yule mama ameketi peke yake penye kizingiti chake, hapana aliyempelekea hata maji. Tukamwomba mganga wa zahanati aje aseme na watu. Akaja, akawaonyesha jiko, na gunia la dirishani, akawaeleza.

Maelezo yake ni haya. Mkaa uunguao mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ndiyo maana mkaa huua kimya. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tuihitajiyo. Hivyo damu huzunguka mwilini mikono mitupu. Kwanza kichwa huuma, kisha mtu hutaka kutapika, akalegea, akasinzia, na akisinzia hana tena nguvu ya kufungua mlango. Huwapata wote waliomo chumbani pamoja, kwa kuwa wote huvuta hewa moja. Nje sumu hii huchukuliwa na upepo. Ndani hukaa. Dawa yake ya kwanza ni kumtoa mtu nje penye hewa safi, kisha hospitali bila kukawia.

Wenyeji husema kwamba jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Twaliheshimu jina hilo. Lakini yafaa tuutupe pia uvivu wa kumtaja mtu palipo na sababu ionekanayo kwa macho. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, yamkataza mtu kumtangaza mwenzake kuwa mchawi; na katika nchi yetu vikongwe wengi wameuawa kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, kwa mnong'ono. Yule mama hakuuawa. Vijana waliporudi walikwenda kwake wote watatu wakampigia magoti, nao walimkatia kuni za kipupwe kile. Lakini kama yule wa tatu angalikufa, hatujui kama maelezo ya mganga yangalisikilizwa. Basi ajuaye habari ya mkaa haokoi tu roho ya alalaye chumbani. Aokoa na ya jirani yake.

Twalisema hili kwa sababu nyingine pia. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati safi. Ni jambo jema kwa vifua vya mama zetu na kwa miti yetu. Walakini zamani moto uliopika ugali ndio ule ule uliopasha joto nyumba nzima. Apikaye kwa gesi huuzima moto chakula kiivapo, na mafiga hayapo tena. Hapo ndipo watu hutafuta jiko dogo la mkaa "la kuota tu". Nyumba iliyohamia gesi ifikiri mapema: fedha iliyookolewa kwa kuni iwe ya mablanketi, na ua wa mabua usimamishwe kabla ya Juni.

Basi, kwa ufupi, utaratibu wetu wa kuchagua ni huu. Zuia upepo. Inuka katika udongo. Vaa nguo juu ya nguo, na blanketi juu yake. Kunywa kitu cha moto kisicholevya. Ukiisha kufanya hayo na bado wasikia baridi, washa moto mdogo wa kuni kavu, mahali palipokingwa, pamoja na majirani zako. Na moto wa nje ubaki nje, uzimwe huko huko.

Nanyi walimu wa shule, tafadhali wafundisheni watoto habari ya hewa ile ya mkaa kabla Juni haijaingia. Mtoto akilijua neno hili atalipeleka nyumbani, na atalisema mbele ya babu yake bila hofu. Kaeni salama, na kipupwe chenu kiwe chema.